Gauni Lisiloagizwa

Apa kwanza. Sema, "Sitamwambia mtu," kisha nitazame usoni nikuone kama unaapa kweli au unatikisa kichwa tu ili niendelee. Haya. Jambo hili niliambiwa na mtu aliyelishuhudia mwenyewe, akanishika mkono, akaniapisha mara mbili, nami nikaapa mara mbili, nikakaa nalo siku nzima na nusu. Siku nzima na nusu! Kwa mwanamke wa umri wangu hiyo ni adhabu. Basi sogea, na ukilipeleka kwingine usinitaje.

Palikuwa na duka la ushonaji la vyumba viwili. Chumba cha mbele kilikuwa na cherehani nne, meza ndefu ya kukatia, na kona ya pasi. Cha nyuma kilikuwa kidogo, cha wateja kujaribia nguo, kimezibwa kwa pazia zito. Mwenye duka walimwita Tajiri, mtu mwenye huruma siku ambazo wateja ni wengi. Mpiga pasi walimwita Bwana Pasi, na mdomo wake haukupoa hata pasi yake ilipopoa.

Wakataji walikuwa wawili, wanawake wote.

Wa kwanza aliitwa Bi Macho. Huyo hakupima mtu. Mteja aliingia, akasalimia, akageuka mara moja kufunga mwavuli wake, basi, imetosha. "Nenda zako, mama, nimeshakuona." Akishaondoka, Bi Macho anatandika kitambaa na kukata, na gauni likija mwilini linakaa kama mtu amezaliwa nalo. Aliona bega lililochoka, aliona goti linalouma, aliona mimba kabla mume hajaambiwa. Wala hasemi neno. Anaacha vidole vinne vya ziada kiunoni, basi. Wewe unafika kuchukua nguo yako, unaona imeachiwa, unarudi nyumbani kuhesabu siku. Kuna wanawake waliokuwa hawakanyagi pale waume zao wakiwa safarini!

Wa pili aliitwa Bi Futi, kwa sababu futi yake ya kupimia haikutoka shingoni, hata msibani alikwenda nayo. Kazi yake ilikuwa safi, sitamsingizia. Ila alikata kwa karatasi zake, mikato ileile aliyofundishwa usichanani, ameitundika kwenye msumari ukutani, na kila mteja alilazimishwa aingie kwenye karatasi mojawapo, apende asipende. Watu walipita mezani kwake wakisema, "Ahsante, tunamngoja yule anayetazama." Miaka ishirini anaambiwa hivyo, na miaka ishirini anatabasamu. Mimi mtu wa kutabasamu kiasi hicho namwogopa kuliko chui.

Kwenye cherehani ya mwisho, karibu na dirisha, aliketi binti mmoja mwembamba waliyemwita Sindano. Alikuwa mtoto wa kaka yake Bi Macho, na shangazi yake alimfundisha kwa namna moja tu. Mteja akitoka, anamuuliza, "Umeona nini?"

"Nimeona anaringa, shangazi."

"Sikukuuliza umedhani nini. Umeona nini?"

"Kiatu chake cha kulia kimelika upande wa nje."

"Ehe. Sasa pindo lake utalifanyaje?"

Hivyo ndivyo alivyofundishwa, mwaka baada ya mwaka, mpaka ikawa hawezi kunywa chai na mtu bila kuona ni sikio gani analotegea maneno.

Sasa, macho ya Bi Macho yakaanza kuwasha, akaandikiwa dawa ya matone. Kila adhuhuri baada ya chakula, Sindano alimdondoshea. Siku moja tone moja lilipoingia kila jicho, shangazi alipiga ukelele uliosimamisha cherehani zote. Ndani ya chupa ile ya dawa mlikuwa na dawa ya kuondolea madoa, ile ya kwenye kona ya pasi, inayokula mpaka rangi ya shati. Kufikia jioni Bi Macho alikuwa haoni hata mwanga.

Nani aliyeijaza? Watu hawakujisumbua kuuliza. Chupa ilikuwa mkononi mwa Sindano, basi ni Sindano. Mzembe, kachanganya chupa, kampofusha shangazi yake aliyemlea. Na Bi Futi, aliyelia kuliko wote, akazunguka akisema, "Jamani, msimlaumu sana mtoto wa watu, ni uchovu." Umesikia? *Msimlaumu sana.* Maneno ya namna hiyo hubandika lawama kuliko gundi.

Bi Macho aliishi miezi minne gizani. Siku ya mwisho alimshika Sindano kiganja, akakipapasa kidole kwa kidole. "Mkono ulionidondoshea naujua, mwanangu," akasema. "Ulioijaza chupa bado sijauona. Nitauona." Akafa.

Wiki ya tatu baada ya mazishi, mambo yakaanza, tena kwa kitu kidogo cha kuchekesha.

Mle dukani palikuwa na sanamu la kuvalishia nguo, halina kichwa wala mikono, kiwiliwili tu juu ya mguu mmoja wa mti. Lilisimama pembeni likitazama barabara, kama kitu kisicho na kichwa kinaweza kutazama. Adhuhuri moja walifunga duka kama kawaida, wakaenda kula barazani, ufunguo mfukoni mwa Tajiri. Waliporudi, sanamu lilikuwa limegeukia ndani.

"Nani kaligeuza?" Tajiri akauliza.

"Limechoka kuona barabara," akajibu Bwana Pasi. "Hata mimi ningegeuka."

Wakacheka. Kesho yake, saa ileile, walikuta limebandikwa kitambaa cha kijivu kifuani, kimeshikizwa kwa pini. Kitambaa chenyewe hakuna aliyekinunua, rafu nzima haikuwa na jora la rangi hiyo. Siku ya tatu mgongo ulikuwa umeungwa na kifua. Siku ya nne mkono mmoja wa gauni ulikuwa unaning'inia. Na ile mishono, eeh, Mungu wangu, ilikuwa midogo kama mayai ya chawa, imekaza, imelala upande mmoja, na hakuna hata mmoja mle ndani aliyehitaji kuambiwa ni mishono ya nani.

Hapo hakucheka mtu.

Wakiwa barazani walianza kusikia mkasi ndani ya duka lililofungwa, *kracha, kracha*, pole pole, mkasi wa mtu asiye na haraka. Kisha ile harufu ya dawa ya madoa ikapenya chini ya mlango, ikawawasha macho mpaka machozi yakadondokea kwenye sahani. Bi Futi akasema chakula kimemshinda, akasogea mbali na ukuta.

"Nani akachungulie?" Tajiri akanong'ona.

"Wewe ndiye mwenye duka," akanong'ona Bwana Pasi.

"Na wewe ndiye mwenye mdomo."

Basi Bwana Pasi, maskini, alikwenda kwa kunyata, akaweka jicho kwenye tundu la ufunguo, na kwanza hakuona ila weupe wa vumbi la chaki sakafuni, kisha akaona kwamba vumbi lile lina alama za duara, moja hapa na moja kule, umbali wa hatua ya mtu, kutoka pembeni mpaka kwenye meza ya kukatia, hazikuburutwa bali zimekanyagwa, akazifuata kwa jicho lake hilohilo moja mpaka mwisho wake, akaliona lile sanamu limempa mgongo, limesimama mezani, na shingo yake ya mti, ile iliyokatwa bapa, shingo ngumu isiyoweza kupinda, imepinda, imeinamia kitambaa kama mtu anayetazama mshono kwa karibu, na mkasi unatembea peke yake, na ghafla mkasi ukanyamaza, na shingo ile ikaanza kugeuka taratibu kuelekea tundu la ufunguo.

Walimwokota chini. Siku tatu Bwana Pasi hakufanya mzaha, na hilo ndilo lililowatisha watu kuliko lote.

Tajiri akaliondoa sanamu mbele za wateja, akalitia kwenye chumba cha kujaribia, nyuma ya pazia. Haikusaidia. Wateja walianza kupungua. Mama mmoja aliyeingia kujaribu sketi alitoka mbio akiwa na sketi nusu, akisema amesikia mtu akipumua nyuma ya kisogo chake kama fundi anayetafakari.

Ndipo Tajiri akamwita Sindano. "Binti, mimi sina ubaya na wewe. Lakini shangazi yako amekufuata, na wewe unajua kwa nini. Nimeita mganga. Kama mpaka Alhamisi adhuhuri jambo hili halijaisha, kusanya vitu vyako. Na barua ya kukusifia sitaandika. Niandike nini? Kwamba umempofusha mkataji wangu?"

Sindano aliinamia cherehani, na uzi ukakatika mara tatu. Akitoka pale na jina hilo, nani tena atamkabidhi hata kifungo?

Mganga alifika Jumanne, mwanamume wa makamo, viatu vimeng'aa, koti kama la karani. Walitegemea moshi na makelele. Yeye aliomba stuli. Akaketi mbele ya lile gauni, akawaita nyuma ya pazia mmoja mmoja, kila mmoja akimwuliza swali moja. "Umeona nini?"

Tajiri akasema ameona hasara. Bwana Pasi akasema ameona kifo. Bi Futi alijibu kwa vitendo, alivua futi yake shingoni akalipima gauni mbele ya mganga, kifua, kiuno, nyonga, akaandika tarakimu zote kwenye daftari, akazisoma, akasema, "Ni la mtu mnene mnene hivi. Simjui."

Bwana Pasi, aliyekuwa akichungulia pembeni mwa pazia, akamtazama aliyesema mnene, akaziba mdomo wake kwa kitambaa cha pasi. Kumbe mzaha ulikuwa umeanza kumrudia.

Zamu ya Sindano ikafika. Mganga akawafukuza wachunguliaji, akamwuliza, na yule binti, kwa mara ya kwanza tangu shangazi yake afe, akasikia swali alilozaliwa kulijibu.

"Bega la kushoto limeshushwa kidole kimoja," akasema kwa sauti ya chini. "Chini ya shingo pameachwa nafasi ya kinundu, cha mtu aliyeinama mezani miaka mingi. Nyonga ya kulia imepandishwa kidogo, kwa sababu mwenyewe husimama akiegemea mguu mmoja. Gauni hili limekatwa kwa ajili ya Bi Futi."

"Na amelipima mwenyewe asijijue?"

"Hajawahi kujitazama. Nguo zake anazikata kwa karatasi ya usichana wake."

Mganga akavuta stuli karibu. "Na siku ile ya shangazi yako. Uliona nini?"

"Kizibo. Shangazi viganja vyake vilikuwa dhaifu, kwa hiyo kizibo tulikiacha kimelegea, siku zote. Siku ile kilikuwa kimekazwa. Nilikifungua kwa meno."

"Mbona hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza nimeona nini, Mganga. Waliniuliza nimefanya nini."

Mganga akasema taratibu, "Aliyemo humu si shangazi yako. Ni jini aliyekuwa akikaa kwenye paa hili akimtazama anavyofanya kazi, akajifunza mkono wake kwa kumtazama tu, akampenda. Sasa amekasirika kwa niaba yake. Siwezi kumfukuza fundi mwenye kazi mkononi. Akimaliza gauni lake atamvalisha mwenyewe, na akishamvalisha, sijui."

"Mimi sitaki avalishwe kimyakimya," Sindano akasema, na macho yake yalikuwa makavu. "Akifa kwa jini, watasema masikini Bi Futi, na mimi nitabaki kuwa mpofushaji. Nataka watu waone. Nipe chupa ndogo ya maji, Mganga. Nipe mbele yao wote. Sema kwa sauti kwamba Alhamisi adhuhuri nitaosha macho kwa maji hayo, kisha nitamtaja mwenye gauni, ndiye aliyeijaza chupa ya shangazi."

"Unadhani atathubutu mara ya pili?"

"Bi Futi hana mkato wa pili. Akipata karatasi iliyomfaa, hukata hiyohiyo mpaka ichakae."

Mwenzangu, mimi niliposikia hapo nilisimama!

Basi ikafanywa hivyo. Mganga akatangaza kwa sauti ya mnada, akaiweka chupa kwenye rafu ya chumba cha kujaribia, kando ya gauni, akasema mtu asiiguse. Na maneno hayakukaa dukani, yalishavuka barabara kabla yeye hajavuka. Alhamisi, saa tano, chumba cha mbele kilijaa wateja wa zamani, majirani, na watu wasio na shughuli yoyote, wote wakijidai wamekuja kuulizia bei ya kushona suruali. Tajiri alikaa karibu na mlango na uso kama amemeza kifungo.

Bi Futi alikuwa anatabasamu. Akainuka, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ngoja nikachukue mkebe wangu wa pini kule nyuma, nisije nikamkwaza mganga." Akaingia, mkono mmoja chini ya mtandio, pazia likamfunga.

Sindano hakuinua kichwa. Alikuwa anasikiliza.

Kwanza palikuwa kimya. Kisha ile harufu ikaja, hafifu, halafu kali, mpaka watu wa mbele wakaanza kufuta machozi na kusukumana, na hakuna aliyetoka, maana nani atatoka hapo? Kisha mkasi, *kracha*, mara moja tu. Kisha pazia lile zito, lililotundikwa pale miaka na miaka, likaanza kufumuka lenyewe kutoka juu, mshono mmoja baada ya mwingine, tiki, tiki, tiki, kutoka upande huu kwenda upande ule, pole pole, bila papara, huku watu wakilitazama na hakuna aliyepumua, hata ulipobaki mshono wa mwisho likaning'inia kwa uzi mmoja kama linafikiri, halafu likaanguka chini lote kwa kishindo cha vumbi.

Na Bi Futi alikuwa amesimama pale mbele ya macho ya wote.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa na chupa ya mganga, iko wazi, tupu, maji yake yamemwagwa sakafuni. Mkono wake wa kulia ulikuwa na kopo la dawa ya madoa, limeinamishwa, linatiririka ndani ya chupa. Kizibo alikuwa amekibana kwa meno. Na lile gauni la kijivu, gauni lisilo na mtu ndani yake, lilikuwa limesimama nyuma yake limemkumbatia. Mikono yake yote miwili ya kitambaa ilikuwa imejaa, imetuna kama ina nyama, na ncha zake zimemfumbata vifundo vya mikono, na hapo zilipomfumbata palikuwa na mishono, midogo kama mayai ya chawa, imeshona kijivu kwenye nguo yake na nguo yake kwenye ngozi.

Kizibo kikamponyoka kinywani.

"Bi Futi," Tajiri akasema. "Hicho unachomimina ni nini?"

"Maji," akasema Bi Futi. Kijasho chembamba kilimtiririka, na bado anatabasamu, fikiria. "Nilikuwa naongeza maji tu, Tajiri. Yalikuwa yamepungua."

"Kwenye kopo la dawa yangu?" akauliza Bwana Pasi.

"Nimelisuuza. Ni maji. Haki ya Mungu ni maji."

Umati ukapasuka katikati, na Sindano akapita. Alitembea mpaka akasimama hatua mbili mbele ya yule mama aliyekuwa akimwita mtoto wa watu. Alimtazama kama alivyofundishwa kutazama, bega, shingo, nyonga, mikono, mwisho macho.

"Kama ni maji, mama," akasema kwa upole, "jidondoshee."

Mkono wa kushoto wa gauni ukaanza kuinuka. Uliinuka taratibu, na mkono wa Bi Futi ukiwa ndani ya mfumbato wake ukainuka pamoja nao, na chupa ikapanda, ikapita kifua, ikapita ile futi shingoni, ikapita kidevu, na Bi Futi akavuta kwa nguvu zake zote mpaka mishono ikamtoa damu, akarudisha kichwa nyuma, na nyuma palikuwa na bega la kitambaa likakipokea kichwa chake vizuri, kama lilivyokatiwa, na ukingo wa chupa ukasimama juu kabisa ya jicho lake la kulia na tone moja likakusanyika pale mdomoni, likanenepa, likaning'inia.

"Si maji!" akapiga ukelele, na ng'ambo ya barabara walimsikia. "Si maji! Ni dawa ya madoa! Ni ileile niliyomtilia Bi Macho! Mtoto hana kosa, ni mimi, ni mimi, ni mkono wangu huu, nishikeni jamani, ni mimi!"